Mkongwe Ana Dakika, Hana Msimu
Mhadhara uliotolewa mjini Kisangani, Jimbo la Tshopo



Nimeombwa niseme nanyi jioni hii mintarafu ya jambo moja la michezo ambalo, kwa dhahiri yake, ni dogo mno hata mtu akaona halistahili ukumbi kama huu, nalo ni habari ya mchezaji aliyekwisha kuzeeka, akaaga, akapigiwa makofi ya kwaheri, kisha siku moja timu iliyo taabani ikambishia hodi, naye akaitika. Lakini mambo madogo yana tabia ya kuficha makubwa ndani yake, mfano wa kokwa na embe, na mimi nimekuja kwenu na kisu.

Niruhusuni nianze na nililoliona kwa macho yangu. Msimu mmoja, katika uwanja ambao sitautaja, timu ambayo pia sitaitaja, maana si kusudi langu kumtia mtu haya, ilikuwa imefungwa mfululizo hata mashabiki wake wakawa hawavai tena rangi zake barabarani. Wakubwa wa timu walikutana, wakashauriana usiku kucha, na asubuhi rai yao ikawa moja: aitwe nahodha wa zamani, aliyekuwa ameacha mpira kwa miaka sita na ambaye wakati huo alikuwa akijipatia riziki kwa kuendesha toleka, akibeba abiria nyuma ya baiskeli yake kutoka Mangobo hadi Makiso. Siku ya mechi watu walifurika. Alipoingia, uwanja mzima ulisimama. Na kwa dakika ishirini za mwanzo, wallahi, mpira ulimtii kama mbwa amtiivyo bwana wake, akatoa pasi tatu ambazo hakuna kijana yeyote pale aliyeziwazia. Kufika mapumziko alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Kipindi cha pili vijana wa upande wa pili walimpita kama wapitavyo mti uliosimama njiani, na wale wale waliosimama alipoingia walianza kumzomea. Nikarudi nyumbani nikijiuliza swali ambalo ndilo mhadhara wangu wote: nani hasa aliyeshindwa siku ile?

Swali hili si letu peke yetu. Huko Marekani wana mpira wao wa miguu ambao kwa hakika ni mpira wa mikono, na ndani yake yupo mchezaji aitwaye kwotabeki, ambaye takriban kila shambulio huanzia mikononi mwake: yeye ndiye apokeaye mpira, ndiye aitazamaye safu ya wapinzani kwa nukta mbili tatu, ndiye aamuaye nani arushiwe. Kazi hii haihitaji mbio kadiri ihitajivyo macho, na kwa sababu hiyo humdanganya mtu mzima kuliko kazi nyingine zote za uwanjani, kwani macho ya maarifa hayazeeki upesi kama bega na magoti. Johnny Unitas, aliyeitumikia Baltimore Colts tangu 1956 hadi 1972 akawa ndiye mizani waliyopimiwa wengine, alipelekwa mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 40, katika San Diego Chargers, timu iliyokuwa hoi. Walimtaka kwa msimu mzima, ilhali mwili wake haukuwa na msimu ndani yake. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekalishwa benchi, mahali pake pameshikwa na kijana mgeni aitwaye Dan Fouts, na timu ikamaliza na ushindi wa mechi 2 tu kati ya 14.

Sasa mlinganisheni na George Blanda. Mwaka 1970, akiwa na Oakland Raiders na umri wa miaka 43, yeye hakuwa kwotabeki wa kwanza bali wa akiba, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kupiga mpira kwa teke. Kwa mechi tano mfululizo aliingia kuliokoa jahazi, mara kwa mkono, mara kwa mguu, na Raiders wakashinda nne na kutoka sare moja. Naye akaendelea kucheza hadi umri wa miaka 48. Watu wawili, umri unaokaribiana, mchezo mmoja. Mmoja akavunjika na mwingine akawa hekaya. Wengi husema ni bahati. Mimi nasema ni kipimo: huyu aliombwa dakika, yule aliombwa msimu.

Na kwetu Afrika hakuna ushahidi ulio bora kuliko wa Roger Milla wa Kameruni. Mwaka 1990 alikuwa na miaka 38, amekwisha kuagana na timu ya taifa, anacheza kwa kujifurahisha katika kisiwa cha Réunion kule Bahari ya Hindi, wakati Rais Paul Biya mwenyewe alipoingilia kati ili arudishwe. Alikwenda Italia katika Kombe la Dunia, na hapa ndipo penye hekima ambayo aghlabu husahauliwa na wasimuliaji wanaoikumbuka ngoma yake tu pembeni mwa bendera ya kona: Milla hakuanza mechi hata moja. Kila mara aliingia akitoka benchi, wapinzani wakiwa wamekwisha kuchoka na yeye akiwa bado mbichi. Aliifunga Romania mabao mawili. Akaifunga Kolombia mawili katika muda wa nyongeza, moja likiwa lile la kumpokonya mpira golikipa Higuita aliyetoka mbali na lango lake. Na katika robo fainali dhidi ya Uingereza aliingia kipindi cha pili, akaangushwa ikapatikana penalti, kisha akampasia mwenzake Ekéké akafunga, hata Kameruni ikawa inaongoza kabla ya kushindwa 3 kwa 2. Mwalimu wake alijua kwamba ana mali iliyo kidogo, akaitumia kama mpishi atumiavyo zafarani.

Lakini insafu hainiruhusu kukuonyesheni upande mmoja wa sarafu. Miaka minne baadaye, kule Marekani, Milla aliitwa tena, sasa mtu wa miaka 42, na timu yenyewe imechakaa kwa ugomvi wa ndani. Tarehe 28 Juni 1994 aliingia mwanzoni mwa kipindi cha pili dhidi ya Urusi, na mara akafunga, akaandikwa katika vitabu kuwa mtu mzima kuliko wote waliopata kufunga bao katika Kombe la Dunia. Matokeo ya mechi? Urusi 6, Kameruni 1. Bao lile lilimpa mzee sharafu yake, ila halikuiponya nyumba iliyokuwa ikiungua; maana dakika za mkongwe, hata zikiwa za dhahabu, huongezwa juu ya kitu kilichopo, na pasipo na kitu haziongezi neno.

Mkitaka kuona dakika hizo zilivyo halali, tazameni mikwaju ya penalti, ambapo mbio hazina soko na anayesimama golini hana silaha ila utulivu na kumbukumbu. Juma Kaseja wa Tanzania alikuwa amesahauliwa na timu ya taifa kwa miaka mingi, hata watu wakamhesabu katika waliopita, hadi aliporudishwa mwaka 2019 akiwa na miaka 34. Mwezi wa Agosti, pale Kasarani mjini Nairobi, Taifa Stars waliitoa Kenya kwa penalti, na mwezi uliofuata, Dar es Salaam, wakaitoa Burundi kwa njia hiyo hiyo, Kaseja akiwa langoni mara zote mbili. Na huyu wetu wenyewe, Robert Kidiaba, yule aliyezoea kushangilia kwa kurukaruka ameketi chini hata watoto wa nchi nzima wakamwiga na kuchana kaptura zao, alikuwa amefikisha miaka 39 wiki ile ile ya Februari 2015 Kongo ilipopata nafasi ya tatu ya Afrika kwa mikwaju ya penalti dhidi ya wenyeji Guinea ya Ikweta. Sijamsikia mtu aliyelalamika kwamba golikipa alikuwa mzee.

Ningekuwa mtovu wa adabu kama ningesema juu ya mkongwe katika nchi hii nisimtaje yule aliyekuja Kinshasa mwaka 1974, ijapokuwa yeye alikuwa peke yake ulingoni wala hakuwa na timu. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, na George Foreman 25. Pambano liliahirishwa kutoka Septemba kwa jeraha la Foreman juu ya jicho, likafanyika alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, na watu wenye akili zao walimhofia Ali roho yake. Yeye akafanya nini? Akaegemea kamba, akajifunika, akamwacha kijana amwage nguvu zake hewani na mikononi mwake, na katika raundi ya nane, kijana alipokuwa hana kitu tena, akamwangusha. Hayo yalikuwa maarifa ya mtu aliyejua kwamba mfukoni ana senti chache, akazingoja zifike sokoni wakati bei imeshuka. Lakini miaka sita baadaye, tarehe 2 Oktoba 1980, baada ya kustaafu na kurudi, alisimama mbele ya Larry Holmes mjini Las Vegas, akapigwa raundi kumi hata mwalimu wake Angelo Dundee akalikatiza pambano. Mtu ni yule yule na hila zake ni zile zile, ila mfuko ulikuwa mtupu.

Hadhirina watukufu, mpaka hapa nimesema juu ya mkongwe. Sasa na tumgeukie yule anayembishia hodi, kwa kuwa yeye ndiye ambaye hukumu zetu humsahau.

Timu haimwiti mzee kwa sababu mzee ana nguvu; humwita kwa sababu mahali palipotakiwa pawe na kijana aliyeandaliwa pana uwazi. Na uwazi huo una sababu zake, ambazo sisi watu wa Kisangani tunazijua kuliko kuzisoma. Timu zetu, nataja AS Nika, TS Malekesa na AS Makiso ili mjue nasema juu ya nyumbani, ziko mwisho wa mto unaopitika kwa meli, zaidi ya kilomita 1,700 za maji kutoka Kinshasa, na kila safari ya kwenda kushindana mbali hula fedha ambazo zingelisha na kufunza wavulana kwa miezi mingi. Kijana akichomoza, huondoka kwenda mahali penye malipo, wala hatuwezi kumlaumu. Tena kuna jeraha jingine. Mwezi wa Juni mwaka 2000, majeshi ya nchi mbili za jirani, Rwanda na Uganda, yalipigana kwa siku sita ndani ya mji huu usiokuwa wa yeyote kati yao, nasi tukazika watu wetu. Fanyeni hesabu nami: mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku zile, akijificha chini ya kitanda badala ya kukimbiza mpira wa matambara, leo amepita miaka thelathini na mitano. Huyo ndiye mkongwe wetu. Hakupata utoto wa uwanjani, alijifunza kwa kuchelewa, na leo tunamwomba achelewe kuondoka vilevile, ili afunike pengo la wale tusiowafundisha baada yake.

Kwa hiyo timu inayomwita mkongwe kwa dakika inatumia akili. Bali timu inayomwita kwa msimu inakiri kosa lake kwa kinywa cha mtu mwingine. Na siku akishindwa, kosa hilo hupewa jina lake yeye, hubebwa na magoti yake, na walioshauriana usiku kucha hukaa jukwaani wakitikisa vichwa pamoja na watazamaji.

Na yeye je, kwa nini huitika? Tumezoea kusema ni tamaa ya sifa, na sifa imo, sikatai. Hata George Weah, akiwa tayari Rais wa Liberia na mtu wa miaka 51, alivaa jezi Septemba 2018 akacheza dakika 79 za mechi ya kirafiki dhidi ya Nigeria, na sidhani kulikuwa na waziri aliyethubutu kumshauri atoke mapema. Lakini Weah alikuwa na ikulu ya kurudia. Philip Rivers, kwotabeki aliyeitwa na Indianapolis Colts Desemba 2025, akiwa na miaka 44 na mjukuu, baada ya karibu miaka mitano bila mechi, alicheza mara tatu, timu ikashindwa mara tatu, ya kwanza kwa 18 kwa 16 tu. Lakini walipomfuata walimkuta Alabama akiwafundisha mpira wavulana wa shule. Alikuwa na mahali na kazi, na watu waliokuwa wakimwuliza anachokijua kabla ya timu kuja kumwuliza mkono wake.

Sasa mkumbukeni Ndaye Mulamba. Mzaliwa wa Kananga, mtu wa V. Club, ndiye aliyefunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1974 kule Misri, akafunga mawili katika fainali dhidi ya Zambia iliyokwisha kwa sare, na mawili tena iliporudiwa, kombe likaja kwetu. Mwaka huo huo walikwenda Ujerumani katika Kombe la Dunia, wakafungwa na Uskoti, na Yugoslavia kwa 9 bila, na Brazili, na fahari ya serikali juu yao ikapoa kama uji. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1994, baada ya kuheshimiwa na Shirikisho la Soka la Afrika mjini Tunis, alivamiwa nyumbani na majambazi waliodhani mtu mwenye medali ana mali, wakampiga risasi mguuni. Akaishia ukimbizini Afrika Kusini. Na mwaka 1998, katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Burkina Faso, zilipoenea habari kwamba amefariki, wachezaji na watazamaji walisimama dakika moja kwa kimya wakimwomboleza, ilhali yeye yu hai. Alikuja kufa kweli Januari 2019, mjini Johannesburg.

Nataka mwitafakari ile dakika ya kimya. Afrika ilikuwa tayari kumpa mkongwe wake dakika akiwa maiti, na haikujua kwamba yu hai, kwa sababu hapakuwa na ofisi yoyote, wala uwanja wowote, wala kundi lolote la watoto ambao asubuhi ile wangesema: la, jamani, mwalimu wetu yuko hapa. Seuze yule wa toleka, asiye na bao hata moja katika kitabu chochote.

Huyo nilimtafuta, baada ya wiki chache, nikamkuta karibu na soko akisubiri abiria. Nilimuuliza kwa nini aliitika, naye alijua vema hali ya magoti yake. Alifuta kiti cha baiskeli kwa kitambaa, akaniambia: "Mwalimu, miaka sita nilikaa katika mji huu huu, hakuna mtu wa timu aliyekuja kuniuliza neno. Siku walipokuja, walikuja kuuliza miguu. Nikaona afadhali waulize miguu kuliko wasiulize kitu."

Mabibi na mabwana, kama kuna sentensi moja mtakayotoka nayo humu, na iwe hiyo, wala si yangu. Maana ndani yake mna tadbiri yote tunayoihitaji, nayo haina gharama ya ndege. Teremkeni pale kwa wavuvi Wagenia, mtazame nguzo zilizokitwa ndani ya mwamba wa maporomoko, na vikapu vile vikubwa kama pembe vilivyofungwa kwa kamba za porini. Kupanda juu ya nguzo zile maji yakinguruma chini ni kazi ya vijana, na asiyeamini ajaribu. Lakini mahali pa kukita nguzo, na jinsi maji yanavyobadili njia mto unapojaa na unapopungua, hayo hayamo katika misuli ya mtu. Yamo katika miaka yake. Hakuna mwenye akili atakayempandisha babu juu ya nguzo, na hakuna mwenye akili atakayekita nguzo bila kumwuliza.

Basi timu ikimhitaji mkongwe, na imwite, sikatazi. Lakini kabla ya kumpa jezi imtajie dakika zake, kumi na tano au ishirini, na asiongezewe hata moja kwa kelele za jukwaani. Tena mahali pake benchini pawe ubavuni mwa kijana anayecheza nafasi yake, wakitazama mchezo pamoja, mmoja akieleza na mwingine akisikiliza, ili dakika zile ishirini zisife mechi inapokwisha. Na mapatano yaandikwe ya mwaka wa pili, siyo ya mwaka huu peke yake: mwaka huu anacheza kidogo na kufundisha kidogo, mwaka ujao hachezi kabisa. Timu isiyoweza kuahidi mwaka wa pili haina haki ya kuomba wa kwanza.

Nilikuulizeni mwanzoni nani aliyeshindwa siku ile. Yule bwana alikuwa na dakika ishirini, akazitoa zote, hakubakisha hata moja. Mwenye kutoa alichonacho chote hatuwezi kumwita mshindwa. Sisi tulikuwa na miaka sita, na hatukuitumia hata siku moja ya miaka ile kumwuliza zile pasi tatu hutolewaje.

Yupo bado, karibu na soko. Nauli yake si ghali, na njia nzima kutoka hapo hadi Mangobo mtu aweza kuuliza mengi.